Mikia ya panya iliyofichua siri ya mafuta

Mwaka 2029 itatimia karne moja tangu George Burr na mkewe Mildred, wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, wachapishe makala ya kwanza kuhusu ugonjwa wa kukosa mafuta. Enzi hizo mafuta yalihesabiwa kuwa kuni za mwili tu: ukiyakosa, kula sukari, moto ni uleule.

Panya wao waliikataa hesabu hiyo. Walilishwa sukari safi, kasini (protini ya maziwa) iliyosafishwa na chumvi. Hata hamira yao iliondolewa mafuta kwa etha. Baada ya miezi michache ngozi ilitoka magamba, mikia ikavimba na kuoza nchani, mkojo ukaonyesha damu, hatimaye wakafa. Waliowahiwa kwa matone machache ya mafuta walipona. Mwaka 1930, katika makala ya pili, wanandoa hao waliitaja tiba yenyewe: asidi ya linoleiki, mojawapo ya asidi zinazounda mafuta.

Ubishi ukazuka. Wapinzani walishikilia kwamba panya wale walipungukiwa vitamini fulani. Brown, mtafiti mwenza wa Burr, akajitolea mwili wake: miezi sita alikula chakula kilichoondolewa mafuta. Damu yake ilibadilika, lakini ngozi ilibaki nyororo, na matokeo hayo ya mwaka 1938 yakawapa wapinzani nguvu. Kumbe mtu mzima ana akiba mwilini. Jibu lilitoka kwa wasio na akiba. Mwaka 1963 daktari wa watoto Arild Hansen, aliyewahi kufanya kazi na Burr, alichapisha utafiti wa watoto wachanga 428. Walionyweshwa maziwa yasiyo na mafuta walikauka ngozi ikabambuka, kama panya wa Minnesota. Walipopata linoleiki wakapona.

Baadaye ikajulikana kwamba mwili hutengeneza prostaglandini, kemikali zinazofanya kazi kama homoni, kutokana na mafuta hayo. Mwaka 1990 Issemann na Green, Uingereza, walikitambua kipokezi cha PPAR, protini iliyomo katika kiini cha seli, na mwaka 1992 watafiti wa Sweden wakaonyesha kwamba asidi za mafuta hukiamsha. Asidi hujipachika ndani ya kipokezi. Kipokezi huungana na mwenzake, RXR. Wawili hao hukaa juu ya DNA na kuwasha jeni za kuunguza mafuta kwenye ini. Tunachokula kinazipa jeni amri.

Inasikitisha kwamba bado kuna ushauri wa lishe unaoyapima mafuta kwa kalori peke yake, kana kwamba tungali mwaka 1928. Asidi ileile ya linoleiki imo kwa wingi katika mafuta ya alizeti yanayokamuliwa Singida na Dodoma, na mnunuzi hajui kazi yake. Inasikitisha zaidi kwamba Mildred, aliyewatunza panya wale na kuandika makala zote mbili pamoja na mumewe, wakati mwingine hutajwa kama msaidizi tu. Anayefundisha lishe aanze na mikia ile, na Mildred amtaje kwa jina.