Mafuta ya Alizeti: Yana Faida, Lakini Si Dawa

Kila nishukapo Mombasa kutoka hapa Namanga, mamangu huniuliza kabla salamu hazijesha: "Mafuta yangu umeniletea, mwanangu?" Ni mafuta ya alizeti. Huvuka mpaka kutoka Tanzania, ambako mikoa ya Singida na Dodoma inasifika kwa kilimo chake. Mamangu ana presha, na amesikia kuwa mafuta haya ni dawa. Najua hayuko peke yake, ndiyo sababu naandika.

Sifa zake ni za kweli. Kuna aina ya mafuta ambayo huganda kukiwa na baridi na hupandisha kolesteroli mbaya, ile inayoziba mishipa ya damu. Katika gramu 100 za alizeti, mafuta hayo ni kama gramu 11. Samli ina zaidi ya 60, na mafuta ya nazi zaidi ya 80. Ukitumia alizeti badala ya hayo, kolesteroli mbaya hushuka. Tena alizeti ina vitamini E nyingi: kijiko kimoja cha mezani hukupa zaidi ya thuluthi moja ya mahitaji ya mtu mzima kwa siku.

Lakini lishike hilo neno "badala". Ukimwagia alizeti juu ya samli ile ile, au ukiinywa kwa kijiko asubuhi, hujapata faida. Kijiko kimoja kina kalori kama 120, sawa na mafuta mengine. Wala haitibu presha. Vidonge alivyoandika daktari haviachwi kwa sababu ya mtungi wa mafuta, na chumvi lazima ipunguzwe.

Usidanganyike pia na maandishi ya "haina kolesteroli". Mafuta ya mimea yote ni hivyo.

La pili ni karai. Bhajia leo, viazi kesho, mafuta yale yale. Alizeti ya kawaida huharibika ikirudiwarudiwa kwenye moto mkali, na hutoa kemikali zenye madhara. Yakiwa meusi, mazito au yakitoa povu, yamwage.

La tatu ni mtungi wenyewe. Tangu 2012, sheria ya Kenya inataka mafuta ya kupikia yatiwe vitamini A. Mtungi usio na lebo haukwambii kama imetiwa. Ukiwa umeanikwa juani kando ya barabara, mwanga na joto huyachachisha mafuta. Yanuse kabla ya kulipa, na nyumbani yaweke kabatini, penye giza.

Alizeti pia haina omega-3 ya kutosha. Hiyo tuitafute kwa dagaa na samaki wengine wenye mafuta, neema ambayo sisi wa pwani tumejaaliwa.

Safari iliyopita nilimpelekea mamangu mafuta pamoja na kijiko cha kupimia. Nilipomweleza haya yote, akaniuliza polepole, "Na tui je?"

"Tui nalo ni nazi, mama."

Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Basi wali wa nazi utakuwa wa Ijumaa tu. Na hivyo vidonge, vilete hapa nimeze."

Kwangu mimi, alhamdulillahi, hilo lilitosha.