Faili la Laredo

Tarehe 17 Desemba 1997, katika mji wa Laredo ulioko jimbo la Texas nchini Marekani, ukingoni mwa mto unaoitenga nchi hiyo na Mexico, hakimu Marcel Notzon alitoa uamuzi ambao si rahisi kuueleza mbele ya mtu aliyenusurika Mugonero. Aliamuru kwamba mzee wa miaka 73, mchungaji Elizaphan Ntakirutimana, afunguliwe na kwenda nyumbani kwake. Mzee huyo alikuwa akitakiwa na Mahakama ya Kimataifa ya Arusha kwa shtaka la mauaji ya kimbari.

Itakumbukwa kwamba Ntakirutimana alikuwa mkuu wa Kanisa la Waadventista Wasabato katika sehemu ya Kibuye, na makao yake yalikuwa Mugonero, mahali penye kanisa, hospitali na shule ya wauguzi, karibu na Ziwa Kivu. Mwezi Aprili 1994 Watutsi wengi wa vilima vya jirani walikimbilia hapo, wakiamini kwamba mahali pa Mungu na pa wagonjwa pangeheshimiwa. Wachungaji wa Kitutsi waliokuwa miongoni mwao walimwandikia mkuu wao barua, wakimjulisha hatari iliyowakabili na kumsihi aende kwa burgomasta awaombee. Asubuhi ya tarehe 16 Aprili, siku ya Jumamosi, ambayo kwa Waadventista ndiyo siku ya sabato, washambuliaji walifika. Mauaji yaliendelea mpaka usiku. Waliookoka walipanda vilima vya Bisesero, na huko nako waliwindwa kwa majuma mengi, mpaka mwezi Juni.

Wenye kuvaa sare hawana budi kulisikia na hili, ingawa ni chungu: hati ya mashtaka ilitaja miongoni mwa washambuliaji wa Mugonero askari wa Jandarmeri na polisi wa komini. Baadaye mahakama ya Arusha iliona kwamba mtoto wa mchungaji huyo, daktari Gérard Ntakirutimana wa hospitali ya hapo hapo, ndiye aliyesaidia kupatikana kwa askari wa Jandarmeri na risasi kwa ajili ya shambulio hilo. Watu waliolipwa mshahara na dola ili wamlinde raia ndio walioletwa kumwua.

Baada ya hapo mchungaji alikimbia nchi, na hatimaye akafika Laredo, alikokuwa akiishi mwanawe mwingine. Mwezi Juni 1996 Mwendesha Mashtaka wa Arusha alimshtaki, na mwezi Septemba mwaka huo akaongeza shtaka la pili, lihusulo Bisesero. Tarehe 26 Septemba 1996 askari wa Marekani walimkamata. Wengi walidhani kwamba kilichobaki ni tikiti ya ndege tu. La hasha. Ilipita miaka mitatu na nusu kabla ya ndege hiyo kuruka.

Mahakama ya Arusha iliundwa na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kwa azimio nambari 955 la tarehe 8 Novemba 1994. Rwanda, iliyokuwa mjumbe wa Baraza wakati huo, ilikuwa nchi pekee iliyopiga kura ya kulipinga, na mojawapo ya sababu ni kwamba Mahakama hiyo haikupewa adhabu ya kifo. Mwezi Januari 1995 serikali ya Marekani ilitia saini makubaliano na Mahakama hiyo ya kuikabidhi washtakiwa watakaoonekana katika ardhi yake. Kisha, mwezi Februari 1996, Bunge la Marekani lilipitisha kifungu cha kuyapa makubaliano hayo nguvu ya sheria. Kifungu chenyewe kiliwekwa ndani ya sheria ndefu ya matumizi ya Wizara ya Ulinzi, katikati ya mambo ya manowari na ndege za kivita. Ndivyo siasa za Washington zinavyokwenda: neno zito hupandishwa juu ya gari la mwingine ili lipite bila kusimamishwa njiani.

Hakimu Notzon alilisimamisha. Alisema kwanza kwamba kwa desturi ya Katiba ya Marekani mtu hatolewi kwa mamlaka ya nje bila mkataba uliopigiwa kura na Seneti, na hapa mkataba wa namna hiyo haukuwapo. Palikuwa na makubaliano ya serikali na sheria ya kawaida tu. Akaongeza sababu ya pili, na hii ndiyo inayowahusu zaidi watu wa polisi: alisema ushahidi ulioletwa mbele yake hautoshi hata kwa kiwango kile kidogo kinachotakiwa ili kumtoa mtu. Mashahidi walitajwa kwa herufi tu. Maneno yao yaliyosemwa kwa Kinyarwanda yalimfikia kwa lugha nyingine, katika kiapo cha mpelelezi, na hakimu hakuridhishwa na maelezo ya jinsi yalivyochukuliwa na kutafsiriwa.

Mtu aliyefiwa na watoto wake Mugonero alikuwa na haki ya kukasirika. Angeweza pia kukumbuka kwamba hii ndiyo Marekani ambayo mwezi Aprili 1994 ilikubali jeshi la Umoja wa Mataifa lililokuwa Kigali lipunguzwe mpaka watu 270, na ambayo wasemaji wake walizunguka huku na huku wakilikwepa neno mauaji ya kimbari. Rais Clinton alikuja kukiri kosa la kuchelewa kwa dunia tarehe 25 Machi 1998, akazungumza pale pale Kanombe kwenye uwanja wa ndege, akaondoka siku hiyo hiyo. Ni rahisi basi kusema kwamba hakimu wa Laredo aliwafuata wakubwa wake katika kutojali. Lakini kusema hivyo si kweli. Wakubwa wake walitaka mzee huyo atolewe. Ni hakimu wa ngazi ya chini, katika mji wa mpakani, aliyeiambia serikali yake mwenyewe kwamba faili halijakamilika.

Ajabu ni kwamba jambo hilo lilitendeka Texas. Katika mwaka huo huo wa 1997 jimbo hilo liliwaua wafungwa 37, kuliko jimbo lingine lolote la Marekani. Tarehe 3 Februari 1998 lilimwua Karla Faye Tucker, mwanamke wa kwanza kuuawa na jimbo hilo tangu 1863, ingawa maombi ya kumhurumia yalitoka pande nyingi za dunia. Tena palikuwa na kesi ya mtu mmoja wa Houston, aliyehukumiwa kifo katika mwaka wa 1984, ambaye wakili wake alisinzia mara kwa mara kesi ikiendelea. Ilichukua mpaka Agosti 2001 kwa Mahakama ya Rufani ya Eneo la Tano, ile ile iliyosikiliza rufani ya mchungaji wa Mugonero, kutamka kwamba wakili aliyelala ni sawa na kutokuwa na wakili. Na hata hapo majaji wake hawakuwa na sauti moja.

Ukiyaweka mambo haya pamoja, aibu ya Laredo inaonekana mahali pengine. Hapakuwa na aibu katika kumpa mshtakiwa wa mauaji ya kimbari nafasi ya kuuhoji ushahidi. Aibu ilikuwa kwamba uangalifu ule ule, wa kuuliza nani alisema, nani alitafsiri, nani aliandika, haukufika kwa maskini wa Houston aliyekuwa na wakili mwenye usingizi. Wanasiasa wa huko wamejipatia kura nyingi kwa kuahidi ukali, na mara nyingi ukali huo umemwangukia asiye na fedha za wakili. Mchungaji wa Mugonero alikuwa na wakili wa namna nyingine kabisa: Ramsey Clark, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa Marekani kati ya 1967 na 1969, mpinzani wa siku nyingi wa adhabu ya kifo. Wengi waliomheshimu Clark kwa kutetea haki za watu weusi walishindwa kuelewa alitafuta nini upande huo. Kazi ya wakili si kumpenda mshtakiwa, hilo linajulikana. Hata hivyo Clark alivuka mpaka huo aliposhikilia kwamba Mahakama ya Arusha yenyewe haikuwa halali, na hapo majaji hawakumfuata.

Serikali ya Marekani haikukata rufani dhidi ya uamuzi wa hakimu Notzon. Ilifanya kazi iliyopaswa kufanywa tangu mwanzo: ilileta ombi jipya pamoja na viapo vya ziada vilivyofafanua ushahidi wa kwanza, vikieleza upelelezi ulivyofanyika na maelezo ya mashahidi yalivyopatikana. Mashahidi walikuwa wale wale, na vilima vilikuwa vile vile. Kilichobadilika ni karatasi. Mzee alikamatwa tena tarehe 26 Februari 1998, na tarehe 6 Agosti mwaka huo jaji John Rainey akaamua kwamba sheria ni halali na sababu za kumpeleka Arusha zinatosha.

Rufani ilisikilizwa na majaji watatu. Tarehe 5 Agosti 1999 wawili walikubaliana na jaji Rainey. Wa tatu, jaji DeMoss, alikataa, akisema kama Notzon kwamba bila mkataba Katiba imevunjwa. Hata jaji Parker, aliyepiga kura pamoja na walio wengi, aliandika maneno ya kando kuonyesha kwamba ana mashaka na ushahidi, akimtaka Waziri wa Mambo ya Nje autazame kwa makini kabla ya kutia saini. Mahakama Kuu ya nchi ilikataa kuisikiliza kesi mwezi Januari 2000, na tarehe 24 Machi 2000 Elizaphan Ntakirutimana alikabidhiwa Arusha. Alikuwa mtu wa kwanza kutolewa na Marekani kwa mahakama ya kimataifa ya namna hiyo.

Kesi ilianza Septemba 2001, baba na mwana wakiwa kizimbani pamoja. Mwezi Februari 2003 mahakama ilimhukumu daktari Gérard kifungo cha miaka 25, na baba yake miaka 10, kwa kusaidia mauaji ya kimbari; umri wake na afya yake vilifikiriwa. Mashaka ya Parker yalikuwa yamejibiwa, lakini yamejibiwa na mashahidi waliosimama, wakaapa, wakaulizwa maswali magumu na mawakili wa utetezi, na wakaaminiwa.

Hata hivyo karatasi ililipiza kisasi mara ya pili. Mahakama ilikuwa imeona kwamba mchungaji aliwasafirisha washambuliaji kwenda Mugonero tarehe 16 Aprili. Tarehe 13 Desemba 2004 majaji wa rufani waliufuta uamuzi huo. Hawakusema kwamba jambo halikutokea. Walisema kwamba hati ya mashtaka haikulitaja waziwazi, kwa hiyo mshtakiwa hakujulishwa vya kutosha ni jambo gani hasa la kujibu. Basi kwa siku ile ya sabato, siku ambayo jina lake limefungamana nayo mpaka leo, mkuu wa Mugonero hakubakiwa na hatia mahakamani. Hatia yake ilibaki ya Bisesero: kuwapeleka wauaji vilimani, na kuamuru paa la kanisa la Murambi liondolewe ili Watutsi wasipate pa kujificha. Hapo majaji wa rufani waliongeza kosa la kusaidia uangamizaji wa watu, wakaiacha miaka 10 kama ilivyokuwa.

Askari aliyekaa na shahidi juu ya benchi, kalamu mkononi, mara nyingi hudhani kwamba kazi yake ni kusikia habari na kuifupisha. Anaandika "walikuja watu wengi, na fulani alikuwamo" na anafunga daftari. Hakuuliza shahidi alisimama wapi, ilikuwa saa ngapi, mbali kiasi gani, alimjuaje fulani, fulani alikuwa ameshika nini, alitoka gari gani. Miaka saba baadaye, katika mji ambao askari huyo hataufikia maishani, jaji asiyejua Kinyarwanda anayatafuta majibu hayo katika mstari ule mmoja. Nchini Rwanda kazi ya upelelezi ilikabidhiwa Ofisi ya Upelelezi tangu 2017, lakini polisi wa doria na askari wa jeshi walio karibu ndio wanaotangulia kufika penye tukio, na mara nyingi neno la kwanza la shahidi husemwa mbele yao, likiwa bado halijachanganyika na ya majirani.

Ntakirutimana hakuwa wa mwisho kupatikana Marekani. Wengine waliofuata hawakushtakiwa huko kwa kuua, kwa sababu mpaka 2007 sheria ya Marekani juu ya mauaji ya kimbari iliwahusu tu waliotenda ndani ya nchi hiyo au walio raia wake. Walishtakiwa kwa kusema uongo katika karatasi za uhamiaji, kama Béatrice Munyenyezi, aliyetiwa hatiani katika jimbo la New Hampshire mwaka 2013, akatumikia kifungo, kisha akarudishwa Kigali Aprili 2021.

Miaka 10 ya mchungaji ilihesabiwa pamoja na muda aliokaa rumande Texas. Tangu siku hakimu Notzon alipomfungua mpaka siku alipokamatwa tena zilipita siku 71, na hizo hazikuingia katika hesabu. Alitoka kifungoni Arusha tarehe 6 Desemba 2006, miaka kumi na siku 71 tangu alipokamatwa mara ya kwanza, na alifariki tarehe 22 Januari 2007.