Shule Ipi Imfaayo Mtoto? Swali la Kale la Wazazi wa Bujumbura

Mzazi wa Jabe anayejiuliza leo kama elimu ya Montessori itamfaa mwanawe si wa kwanza kusimama kwenye njia panda hiyo. Katika enzi ya Wabelgiji, kabla ya uhuru wa tarehe 1 Julai 1962, shule nyingi za Burundi zilikuwa mikononi mwa misheni za Kikristo. Wazazi Waislamu wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili ulio jirani na Jabe, walilazimika kupima. Misheni ilimpa mtoto Kifaransa na njia ya kuingia ofisini, lakini walihofia kwamba ingemtoa katika dini yake. Wengi walichagua chuo cha Kurani. Mtoto alibaki na imani yake, ila milango ya kazi za serikali ilimfungia, naye akatafuta riziki katika biashara, udereva au ufundi. Wazazi hao hawakuidharau elimu; waliikataa gharama yake.

Mfumo wa Montessori nao una historia yake. Daktari Maria Montessori alifungua Nyumba ya Watoto tarehe 6 Januari 1907 huko San Lorenzo, mtaa wa makabwela jijini Roma. Waliopokelewa ni watoto wadogo wa vibarua, walioachwa bila mwangalizi wazazi wakiwa kazini. Humo mtoto alichagua kazi yake kati ya vifaa vilivyoandaliwa, akapapasa herufi za msasa kwa vidole, akagundua mwenyewe makosa yake. Mwalimu alitazama zaidi kuliko kusema. Basi elimu ambayo leo mara nyingi huuzwa kwa matajiri ilianzia kwa maskini.

Je, mbinu ya kigeni yaweza kukaa pamoja na imani na lugha ya nyumbani? Mombasa ilijibu katika miaka ya 1980. Viongozi wa Kiislamu wa pwani waliomba msaada kwa Aga Khan, na mwalimu Swafiya Said akaanzisha shule za awali zilizounganisha mafunzo ya dini na kujifunza kwa vitendo. Hazikuwa za Montessori, lakini nazo zilimwacha mtoto ashike, achague na ajaribu, kwa nyimbo za Kiswahili na vifaa vya mazingira yake. Mpango huo ulifika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993.

Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948, ibara ya 26, linampa mzazi haki ya kwanza ya kuchagua aina ya elimu ya watoto wake. Haki hiyo yataka macho. Jina la Montessori katika nchi nyingi halina mmiliki mmoja. Yeyote aweza kuliandika mlangoni. Kwa hiyo, mzazi, ingia darasani kabla ya kulipa ada. Je, mtoto huchagua kazi, au huimbishwa tu? Mwalimu amefunzwa wapi? Atakapohamia shule ya msingi yenye darasa lililojaa, nani atamwandaa? Na lugha ya mama yake itathaminiwa? Wazee wa Buyenzi walichagua kati ya njia chache. Wewe unaweza kuuliza, na shule inapaswa kukujibu.