Ngitili za Usukumani

Mvua zilipoanza, Msukuma wa zamani alitenga kipande cha malisho akakifunga: hiyo ndiyo ngitili. Hakukizungushia ua; mpaka wake ulijulikana kwa mti, kichuguu au njia ya ng'ombe, na jirani aliuheshimu. Kiangazi kilipokaza, kundi kubwa lilipelekwa malisho ya mbali, na ngitili ikafunguliwa kidogo kidogo kwa waliobaki nyumbani: ndama, ng'ombe wazee na wagonjwa.

Uharibifu wa ngitili ulifanywa kwa nia njema. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilipambana na mbung'o chini ya C. F. M. Swynnerton, aliyeongoza utafiti akiwa Shinyanga. Mbung'o huhitaji kivuli cha vichaka, kwa hiyo wanavijiji walikusanywa kwa maelfu kupitia watemi wao, wakafyeka. Pamba ikala pori lililosalia. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ikawahamisha watu, ngitili zikabaki nyuma bila mwenyewe. Kufikia 1986 zilizojulikana zilikuwa takriban hekta 600 tu.

Mwaka huohuo ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Mwanzoni ulitegemea kile ambacho maofisa wa misitu walikizoea: vitalu na miche. Jibu la wafugaji lilikuwa rahisi zaidi.

Ardhi ilionekana tupu, lakini chini yake mizizi ya migunga ilikuwa hai. Kila mwaka ilichipua, na kila mwaka mbuzi, moto na shoka vikamaliza machipukizi. Eneo likifungwa misimu michache, kisiki kimoja hutoa machipukizi mengi. Mwenye shamba hukata yaliyo dhaifu na kubakiza yaliyonyooka, nayo huuacha nyuma mche wa kitaluni, maana mizizi ya kisiki imeshazama ardhini kitambo.

Ulinzi nao haukusubiri askari wa misitu. Dagashida, baraza la jadi, lilipanga faini. Sungusungu, walinzi wa kijiji, wakawakamata wakaidi. HASHI ilipofika mwisho mwaka 2004, ngitili zilikuwa zimepita hekta 300,000 katika vijiji zaidi ya 800, na baadhi ya vijiji vikajenga madarasa kwa fedha za ngitili zao za pamoja.

Neema hiyo, hata hivyo, haikumwagika sawa kwa wote. Ngitili nyingi ni za kaya. Mwenye ardhi na mifugo mingi ndiye aliyefunga eneo kubwa. Asiye na ng'ombe bado huomba ruhusa kwa jirani akitaka kuni au nyasi za kuezekea.