Mteja anaandika nini Google? Namna ya kuchagua maneno ya tovuti ya biashara yako

Mtu yuko Dodoma, anataka kuja kupumzika kando ya ziwa letu mwisho wa mwezi. Anashika simu, anafungua Google, anaandika maneno matatu au manne. Maneno hayo ndiyo yanayoamua kama ataiona gesti yako ya Mbamba Bay, au ataletewa za Nkhata Bay, ng'ambo kule Malawi.

Hayo ndiyo maneno ya utafutaji. Google haianzi kuzunguka dunia pale mteja anapobonyeza. Ilishasoma kurasa mapema na kuziweka kwenye kumbukumbu zake, kisha inalinganisha alichoandika mteja na kilichomo ndani ya kurasa hizo. Inajua kwa kiasi fulani maneno yenye maana moja, lakini usiitegemee sana. Kama tovuti yako inasema tu "Karibu sana, huduma bora kwa bei nafuu", Google haina namna ya kujua kwamba una vyumba vya kulala, wala kwamba uko wilaya ya Nyasa.

Kosa linaloonekana kwenye tovuti nyingi za huku kwetu ni mwenye biashara kuandika anavyojiita yeye, badala ya anavyotafutwa. Mfano mzuri ni ziwa lenyewe. Sisi tunasema Ziwa Nyasa. Wenzetu wa ng'ambo, baada ya nchi yao kupata uhuru mwaka 1964 na kuacha jina la Nyasaland, wanaliita Ziwa Malawi, na wageni wengi kutoka Ulaya wanalijua kwa jina hilo. Msumbiji ni Lago Niassa. Mzungu akiandika "Lake Malawi beach lodge", na ukurasa wako wa Kiingereza una neno Nyasa peke yake, nafasi ya yeye kukuona inapungua sana. Sentensi moja tu inatosha: kwamba ziwa hili la Nyasa huitwa pia Malawi. Wapo watakaonuna kwa sababu ya ule mzozo wa mpaka. Lakini kuandika hivyo kwenye tovuti ya gesti hakuhamishi mpaka, kunaleta wageni.

Majina ya vijiji vyetu nayo yana hazina. Liuli, enzi za Wajerumani, iliitwa Sphinxhafen. Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, iliishambulia pale meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, katika mojawapo ya mapigano ya mwanzo ya majini ya Vita Kuu ya Kwanza. Wapenda historia wa nje wanaotaka kujua habari hiyo huanza na jina Sphinxhafen, si Liuli. Si wengi, lakini tovuti zinazogombania neno hilo nazo ni chache. Mwenye vyumba Liuli akiandika ukurasa mmoja wa kweli kuhusu tukio hilo na namna ya kufika, atapata nafasi ambayo kwa neno "hoteli Tanzania" hataipata, maana hapo atakuwa anashindana na makampuni makubwa ya kuuza vyumba ya dunia nzima.

Sasa tupande Mbinga mjini, kwenye kahawa. Hapa kuna mtego. Tuseme unakaanga na kusaga Arabika, unauza kwenye pakiti. Unafikiria neno "bei ya kahawa Mbinga", na kweli linatafutwa, hasa msimu wa mavuno. Lakini nani analitafuta? Mkulima anayetaka kujua atalipwa shilingi ngapi kwa kilo. Huyo hanunui pakiti yako, kahawa anayo nyumbani. Mnunuzi wako yuko Dar es Salaam au Arusha, na yeye ataandika kitu kama "kahawa ya unga Arabika" au "kahawa safi ya kusaga Dar es Salaam". Kwa hiyo kila neno liulize: anayeliandika anataka kununua, au anataka kujua tu? Watu mia wanaopita hawakusaidii kama wale watano waliokuja na hela mkononi.

Kwenye dagaa, jina lenye soko bara ni "dagaa wa Nyasa", kwa sababu mnunuzi anawatofautisha na wa Kigoma na wa Mwanza. Upande wa Malawi wanaitwa usipa. Kama unauza hadi huko, andika yote mawili.

Maneno utayapata wapi? Anza na simu yako, kabla hujamlipa mtu. Pitia meseji za WhatsApp za wateja ujiandikie walivyouliza, kwa maneno yao wenyewe: "mna gesti karibu na bandari?", "mnatuma Dar?". Kisha fungua Google, andika mwanzo wa neno bila kumalizia, uangalie inavyokupendekezea. Shuka hadi mwisho wa ukurasa, kuna mengine yanayofanana. Jaribu pia kwenye simu ya mtu mwingine, kwa sababu yako inakumbuka ulichotafuta zamani. Vipo vifaa kama Google Trends vinavyoonyesha neno linatafutwa kiasi gani, ila kwa eneo dogo kama letu mara nyingi havionyeshi kitu. Usikate tamaa. Maana yake ni kwamba idadi ni ndogo kupimika, si kwamba mteja hayupo.

Ukishapata maneno matano au sita, yape mahali pake: kwenye kichwa cha ukurasa, kwenye sentensi za mwanzo, na kwenye maelezo ya picha. Kila huduma iwe na ukurasa wake. Jina la mji liandike kamili, "Mbamba Bay, wilaya ya Nyasa, mkoa wa Ruvuma", na mahali pamoja weka pia "Mbambabay", maana wapo wanaoliunganisha. Usirudie neno moja mara ishirini. Msomaji anachoka, na Google inauhesabu huo kuwa udanganyifu.

Kuna jambo moja la hela. Fundi akikuambia atakujazia orodha ya maneno mia yaliyofichwa ndani ya tovuti, na hiyo ndiyo kazi unayomlipa, kataa. Google yenyewe ilitangaza Septemba 2009 kwamba orodha hiyo haiitumii kabisa kupanga matokeo. Hela hiyo nunulia bando, ujiandikishe kwenye Wasifu wa Biashara wa Google, ambao ni bure. Utaonekana kwenye ramani, na baadaye utaonyeshwa maneno ambayo watu waliandika hadi wakakufikia. Kwa tovuti yenyewe, kazi hiyo inafanywa na Search Console, nayo ni bure. Itazame mara moja kwa mwezi. Mabadiliko huchukua wiki kadhaa kuonekana, kwa hiyo kama unalenga wageni wa Desemba, anza kuandika Septemba.