Sarufi, Ufahamu na Mlango wa Chuo Kikuu

Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu ilipendekeza Kiswahili kitumike kufundishia katika shule za sekondari za Tanzania kuanzia 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 Criper na Dodd waliwapima wanafunzi kwa Kiingereza. Hata miongoni mwa wale wa chuo kikuu, walioweza kusoma kwa urahisi vitabu vyepesi vya masomo yao hawakufika asilimia 20. Hao walikuwa wamekwisha kufaulu mitihani ya kuingilia chuo. Tujiulize basi: mazoezi ya sarufi na ufahamu yaliwaandaa kwa lipi? Mtu aweza kujaza nafasi zilizoachwa wazi na kudondoa jibu katika aya, asiifuate hoja ya sura nzima. Kufaulu ufahamu si kufahamu.