Swali la mama wa Likasi kuhusu maji

Jamani wenzetu, leo tunarekebisha kosa letu. Tulikuwa Rugaaga tunafundisha dawa ya maji, tone kwa tone kwenye jerikani. Mama mmoja wa upande wa Likasi akatuuliza: "Batoto, hii dawa inatosha na ile ya ku mugodi?" Kwao kutosha ni kutoa. Sisi tukajibu haraka: ndiyo mama, inatoa kila kitu. Tulimdanganya bila kujua.

Mgodi wa huko kwao ni Shinkolobwe, Katanga. Madini ya urani yaligunduliwa pale mwaka 1915, wakati wa Wabelgiji. Kwanza kampuni ya Union Minière ilitafuta radi, urani ikaonekana kama takataka tu. Mwaka 1940, mkubwa wa kampuni, Edgar Sengier, alipeleka zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo New York. Wamarekani wakayatumia kutengeneza bomu. Tarehe 6 Agosti 1945 Hiroshima ikaungua, na urani nyingi ya mradi ule ilitoka kwetu Kongo.

Karibu na uhuru wa 1960 mgodi ukafungwa. Lakini njaa haijui kufuli. Baadaye watu walirudi kuchimba kobalti kwa mikono, na mawe yale yana urani ndani. Januari 2004 serikali ikapiga marufuku, lakini watu wakaendelea. Julai mwaka uleule shimo likaporomoka, wachimbaji wakafa.

Sasa jibu la mama. Klorini inaua vijidudu. Urani si kijidudu, haiwezi kuuawa. Ukichemsha, mvuke unapanda na urani inabaki kwenye sufuria. Maji yakipungua, inazidi kukolea. Kitambaa kinashika tope, lakini kile kilichoyeyuka kinapita. Urani kwenye maji inaumiza hasa figo, na huwezi kuiona wala kuionja. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha mikrogramu 30 kwa lita, na hiyo inajulikana kwa kupima maabara tu.

Kuna mitambo inayoweza kuiondoa: ile inayosukuma maji kwa nguvu kupita utando mwembamba sana, na ile yenye chembe maalumu zinazonasa urani. Ila uchafu ulionaswa unabaki, lazima utupwe kwa uangalifu. Kwa familia ya kawaida, dawa ya kwanza ni kubadilisha chanzo cha maji.

Tusiogopeshane. Hapa Nakivale adui tunayemjua ni kipindupindu na taifodi, kwa hiyo endeleeni kuchemsha na kutia dawa. Na muuzaji wa Mbarara akikwambia chujio lake linatoa kila kitu, muulize: kitu gani, na nani alipima?

Mama tulirudi kwake tukamwomba msamaha. Akacheka, akasema ni vizuri tumerudi. Kule kwao, walioyachukua yale mawe hawakurudi kumwelezea mtu.